Mgonjwa Mzima wa Bi Pembe

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kabla ya dada yangu, hapakuwa na mtu wa kwetu aliyefundisha uuguzi. Wasichana waliingia wodini hawajui hili wala lile, wakapewa ufagio, beseni na matusi, na aliyevumilia matusi muda mrefu kuliko wenzake ndiye aliyeitwa muuguzi. Dada yangu aliyakomesha hayo. Alianzisha shule, akaitetea kwa udi na uvumba, na leo ukilazwa hospitali yoyote ya karibu, atakayekuosha mgongo ni mwanafunzi wake, au mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Hilo siwezi kumnyima. Nimejaribu, nimeshindwa.

Lakini shule hiyo aliijenga juu ya mgongo wangu, na hapo sisemi kwa mafumbo. Mgongo wenyewe, huu huu. Na kwa miaka yote nimetaka kitu kimoja tu kutoka kwake: asimame mbele ya watu aseme kwamba ni yeye aliyeniambia nijifanye mwepesi. Sikutaka samahani yake. Samahani ya dada yangu ni kama mvua ya mbali, unaisikia inanguruma na nguo zako zinabaki kavu. Nilitaka aseme tu.

Tulikuwa watoto wawili, wote wa kike. Baba alikuwa fundi cherehani. Mama miguu yake iliacha kumtii nilipokuwa darasa la pili, ikabidi mtoto mmoja abaki nyumbani kumtazama. Baba hakuita kikao. Alikuwa ameinamia cherehani, pini zimemjaa mdomoni, akasema bila kuinua macho:

"Mkubwa ameshafika mbali, kumkatisha ni hasara. Mdogo ndiyo kwanza anajifunza kushika kalamu. Abaki mdogo."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la shule begani. Hakusema kitu. Watu huniambia, alikuwa mtoto, angesema nini? Alikuwa mtoto aliyeweza kubishana na mwalimu mkuu juu ya rangi ya soksi mpaka mwalimu akaomba maji ya kunywa. Siku hiyo tu ndipo ulimi ulipomganda.

Basi yeye akasoma, mimi nikatandika. Akija likizo, kazi yake ya kwanza ilikuwa kukifumua kitanda cha mama nilichokwisha kukitandika.

"Hii ni pembe au sikio la mbwa?" aliuliza, ameshika ncha ya shuka kwa vidole viwili kama anashika panya aliyekufa.

"Mama hajalalamika," nilisema.

"Mama hawezi kulalamika, amekuzaa."

Alikuwa akilivuta shuka, analikunja kona kama bahasha, analichomeka chini ya godoro mpaka unaweza kurusha sarafu ikadunda. Ndiyo maana baadaye wanafunzi walimpa jina la Bi Pembe. Wenyewe walidhani wamelibuni. Mimi nilikuwa nimeshamwita hivyo kimoyomoyo tangu nikiwa na meno ya utoto.

Akawa muuguzi, akafanya kazi wodini, halafu akapelekwa nje kusomea kufundisha. Mama alifariki yeye akiwa huko. Alirudi na viatu vizito, na saa ya kifuani iliyoning'inia kichwa chini, na tabia ya kuitazama hiyo saa unapoongea naye. Hata ukimpa pole ya msiba, anaitazama.

Daktari Mkuu wa hospitali hakumtaka. Nilikuwepo, nimebeba ndoo na matambara, kwa sababu dada alishanichukua nikamsafishie chumba alichopewa kiwe darasa. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya vitanda vilivyovunjika, kinanuka panya na mafuta ya taa. Daktari alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Sista, hawa wasichana unataka kuwafundisha nini? Kutandika kitanda? Hata mke wangu anajua."

"Mke wako anatandika kikiwa kitupu, Daktari," dada alisema. "Mimi nitawafundisha kukitandika mtu akiwa ndani."

Daktari alicheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba hatakiwi kucheka. "Miezi sita. Kamati ya hospitali ikija ikaona upuuzi, stoo inarudi kuwa stoo."

Nilimpenda siku hiyo, dada yangu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu inaniuma.

Tulipata kitanda kimoja kilichosimama, tena kwa kufungwa waya. Wasichana wa darasa la kwanza wakafika, wamevaa sare ambazo baba alizishona. Kilichokosekana ni mgonjwa. Shule za nje zina masanamu makubwa ya kujifunzia, yana mikono na miguu inayokunjika. Sisi hatukuwa nayo, na Daktari Mkuu alikataa katakata wanafunzi kugusa wagonjwa wake kabla hawajajua kitu. Jioni moja tukiwa tunakula, dada akasema, "Nahitaji mwili."

"Mwili gani?"

"Wako."

Nikaweka kijiko chini. Akaeleza: nitalala kitandani, nitageuzwa, nitaoshwa, nitafungwa bendeji, nitapimwa joto. Nikamuuliza nitapata nini.

"Darasa la kwanza likifaulu mtihani, wewe unaingia la pili. Kusoma na kuandika nitakufundisha mwenyewe, jioni jioni."

Nilikuwa msichana mkubwa ambaye sikujua kuandika zaidi ya jina langu. Usingizi haukunijia usiku ule. Nilijiona nimevaa sare, saa imening'inia kifuani.

Yale masomo ya jioni hayakuanza. Kila jioni alikuwa amechoka. Na mimi niliyelala mchana kutwa, ningemwambiaje mtu kwamba nimechoka?

Lakini kulala ni kazi, asikudanganye mtu. Mikono ya wasichana wale ilikuwa baridi kama ya wauza samaki. Walinipindua kushoto, wakanipindua kulia, wakaniosha mgongo mpaka ngozi ikawa kama ya muwa uliomenywa. Walinilisha uji kwa kijiko, nusu mdomoni, nusu sikioni. Na walisengenyana juu yangu kana kwamba sina masikio; nilijua nani ana mchumba, nani ana wawili, nani anamwogopa mama yake wa kambo. Wakaniita Mgonjwa Mzima.

"Mgonjwa Mzima, leo unaumwa nini?"

"Naumwa na nyinyi."

Mmoja tu ndiye aliyekuwa akiipasha mikono yake joto makwapani kabla ya kunigusa. Tulimwita Mrefu, maana alikuwa akiinama kuingia mlangoni. Huyo mkumbuke, yumo mpaka mwisho.

Somo kubwa kuliko yote lilikuwa kumgeuza mgonjwa asiyejiweza, kwa sababu asipogeuzwa anaota vidonda vya kulalia. Mmoja anashika bega, mwenzake nyonga, wanahesabu, wanavuta pamoja. Rahisi kusema. Mimi nilikuwa nimeambiwa nilale kama gogo, nami nililala kama gogo, na wasichana wale hawakuwa na nguvu wala mpangilio. Siku moja kabla ya Kamati kuja walinivuta kila mtu kwa wakati wake, nikagonga kichwa kwenye chuma cha kitanda mpaka nikaona nyota.

Dada akawatoa nje. Tukabaki yeye, mimi, na Mrefu aliyekuwa pembeni akikunja mablanketi.

"Kesho jifanye mwepesi," dada aliniambia.

"Vipi?"

"Wakihesabu mbili, vuta pumzi. Wakisema tatu, kanyaga godoro kwa kisigino, bega ulitangulize wewe. Kidogo tu. Kamati wasione."

"Si ulisema nilale kama gogo?"

"Kesho gogo litatufungia shule. Fanya ninavyokuambia."

Nikafanya. Kamati walikuja na suti zao na leso puani. Wasichana wakahesabu, nikakanyaga, nikageuka kama chapati juu ya mafuta. Wakapiga makofi. Hata Daktari Mkuu alisema "Hm," na hiyo kwake ilikuwa hotuba. Shule ikaruhusiwa kuendelea, na mwisho wa mwaka watahini wangetoka wizarani kuja kuwapima wanafunzi.

Kamati ilipoondoka nilimuuliza, tena nikamuuliza mbele ya Mrefu: "Dada, kesho nirudi kuwa gogo?"

Alikuwa akitazama saa yake. "Hapana, endelea hivyo hivyo kwanza. Wameanza kujiamini."

Hiyo "kwanza" haikuisha. Mwezi ukaingia, mwingine ukatoka, mimi nakanyaga godoro. Mwili ukazoea, hata nisipotaka kisigino kilikwenda chenyewe. Wasichana wakawa hodari. Walinigeuza huku wakipiga hadithi, walinigeuza kwa mkono mmoja. Dada alipita katikati yao, mikono nyuma kama Daktari Mkuu, na uso wake ukang'aa. Nadhani alisahau. Mtu anaweza kuipaka nyumba rangi mpaka akasahau kwamba ukuta ni wa udongo.

Siku ya mtihani watahini walifika watatu. Hawakutaka kuniona mimi; walikwenda moja kwa moja wodi ya wanaume, wakachagua mgonjwa wa kweli. Alikuwa fundi wa mapaa, jibaba, ameanguka kazini na miguu imekufa. Mimi niliachwa stoo, nimevaa gauni la mgonjwa, nikisubiri zamu ya bendeji. Yaliyotokea wodini Mrefu alinisimulia baadaye, maana yeye na mwenzake ndio walioitwa kwanza, kwa kuwa walikuwa bora.

Wakashika bega na nyonga. Moja, mbili, tatu. Wakavuta. Yule baba hakusogea hata unywele. Wakatazamana. Hawakuelewa. Walikuwa wamegeuza mtu kila siku kwa mwaka mzima, na sasa mtu amekataa kugeuka. Mmoja akamwambia kwa upole, "Baba, tusaidie kidogo."

"Nikusaidie nini?" yule fundi akasema. "Ningekuwa na cha kukusaidia ningekuwa hapa?"

Wakaogopa, wakavuta tena kwa nguvu zote, kila mmoja upande wake. Fundi akateleza mpaka ukingoni, akaenda chini, juu ya Mrefu. Wodi nzima ikasikia kishindo.

"Nimeanguka kutoka paani nikapona," fundi alipiga kelele akiwa sakafuni. "Mmenileta hapa mnimalizie?"

Mtahini mkubwa hakucheka. Alimuuliza dada: hawa wamejifunzia nini? Maana wanavuta kama watu ambao hawajawahi kukutana na uzito. Hilo ni kosa la mwanafunzi au la mwalimu?

Ndipo nikaitwa. Niliingia wodini miguu peku, na gauni langu la kamba mgongoni, wanaume wote wakinitazama. Dada alikuwa amesimama wima kama msumari. Daktari Mkuu alikuwa nyuma ya watahini, na alikuwa anafurahi. Uso ulikuwa umenyooka lakini masikio yalikuwa yanacheka.

"Ulikuwa unawasaidia wanafunzi kukugeuza?" dada akaniuliza.

"Nilikuwa nawasaidia kwa sababu wewe..."

"Nimekuuliza ndiyo au hapana."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi." Akawageukia watahini. "Ni mdogo wangu. Hakusoma. Nilimwagiza alale bila kujisogeza, akawaonea huruma wasichana. Moyo wake mzuri, akili ndiyo hivyo tena. Kosa langu ni kumwamini. Nipeni wiki mbili, wanafunzi hawana hatia."

Nilimtafuta Mrefu kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye benchi na leso yenye damu puani. Aliniona ninavyomtafuta. Akatazama viatu vyake.

Watahini wakanong'onezana, wakakubali. Mtahini mkubwa akasema jambo moja zaidi: mtu huyu asionekane tena karibu na darasa. Alisema "mtu huyu", akininyooshea kalamu.

Nyumbani nilimngoja dada jikoni.

"Umenitoa kafara," nilimwambia.

"Nimeiokoa shule."

"Na nafasi yangu?"

"Hukusikia walivyosema? Nikikuingiza darasani sasa hivi watanifungia siku hiyo hiyo."

"Basi waambie ukweli."

Alivua ile saa kifuani, akaiweka mezani taratibu. "Ukweli utamfaa nani?" aliuliza. Alikuwa anauliza kweli. Hakuona mtu yeyote mle jikoni ambaye ukweli ungemfaa.

Baba akashona mfuko wa turubai wenye mikono na miguu, wakaujaza mchanga uliolowa. Wasichana wakaubeba usiku na mchana kwa wiki mbili mpaka migongo ikawauma, wakafaulu wote. Wakati wanashangilia, mimi nilikuwa nyumbani naipua maji ya kufulia nguo zao.

Kuanzia hapo maisha ya dada yangu ni ngazi, na kila mtu anaijua. Stoo ikawa jengo, jengo likawa majengo. Aliwalazimisha madaktari kubisha hodi kabla ya kuingia darasani kwake. Alimfukuza binti wa mkubwa mmoja serikalini kwa kumpigia kelele mgonjwa mzee, na mkubwa alipokuja na gari lake na hasira zake, akamwambia, "Mheshimiwa, siku utakapolazwa utanishukuru." Na ni kweli alilazwa, na ni kweli alimshukuru. Alitumwa miji mingine kuanzisha shule kama yake. Kila mahali alipofika alibeba ule mfuko wa mchanga, na kila darasa juu ya ubao waliandika maneno yake: MGONJWA HASAIDII. Wauguzi huyakariri kama sala. Maana yake ni kwamba jifunze kubeba uzito wote, usimtegemee anayeumwa.

Na kila mwaka, wanafunzi wakimaliza, alisimama ukumbini akawasimulia maneno hayo yalitoka wapi. "Nilikuwa na mdogo wangu, moyo mzuri, akili kidogo..." Ukumbi unacheka. Anasimulia kisigino, anasimulia fundi wa mapaa, wanacheka mpaka machozi. Mimi niliisikia hadithi hiyo kwa watu sokoni, wakiisimulia mbele yangu bila kujua kwamba wanayemcheka ndiye anayewapimia nyanya.

Niliomba kazi ya kufagia wodi. Msimamizi akanitazama, "Si wewe uliyetaka kumuua yule fundi?" Nilipokwenda kujifungua mtoto wangu wa kwanza, wanafunzi walikuja mmoja mmoja kuchungulia mlangoni, wakinong'ona, "Ndiye huyo, ndiye huyo." Uchungu umenishika, nami nimegeuzwa maonyesho. Mkunga mmoja, mwanafunzi wa dada, akaniambia kwa utani, "Mama, leo ruksa kusaidia." Nilimuuma mkono. Watu walisema ni uchungu wa uzazi.

Kusoma nilijifunza ukubwani, kwa vitabu vya wanangu, nimekaa nao mezani wakinicheka. Hata hapo dada hakuwa na mchango.

Mwaka jana akastaafu. Mrefu ndiye aliyechaguliwa kushika nafasi yake. Alikuja kwangu mwenyewe kunialika kwenye sherehe ya kumuaga dada, akainama kwenye mlango wangu kama alivyozoea.

"Dada yako atafurahi ukija," alisema.

"Dada yangu akifurahi mimi napata nini?"

Akavuta kiti akakaa. Nikamwambia, "Wewe ulikuwepo. Mara zote mbili."

"Nilikuwepo."

"Na wodini ulikuwepo."

"Shoga, nilikuwa msichana. Ningesema, ningefukuzwa."

"Na baadaye? Ulipoota mvi?"

"Baadaye ilikuwa imeshakuwa hadithi," alisema. "Unaanzaje kumkatiza mtu hadithi yake?"

Nilimpa maji akanywa, akaondoka. Kesho yake nikaenda ofisini kwa dada. Alikuwa anashusha picha ukutani, anazifunga kwa magazeti. Hakushangaa kuniona.

"Nimekuja kwa neno lile lile," nilisema.

"Najua." Akaendelea kufunga. "Nakumbuka vizuri. Nilikuambia ukanyage godoro. Uliniuliza kama urudi kuwa gogo, nikakukataza. Umeridhika?"

Miaka yote hiyo, na neno limetoka kama mtu anayekohoa. Nikashika meza.

"Basi liseme ukumbini."

"Hapana."

"Umelisema hapa."

"Hapa tuko wawili, mtu na mdogo wake. Kule ni shule. Wale watoto wanatoka na maneno yangu kwenda kushika roho za watu. Unataka watoke na nini? Kwamba Bi Pembe alidanganya watahini?"

"Kwa hiyo unajua wanakuita Bi Pembe."

"Mimi siyo kiziwi," alisema. "Njoo kesho, uvae vizuri, ukae mbele."

Nilivaa vizuri. Nilikaa mbele. Ukumbi ulijaa mpaka wengine walisimama madirishani. Wauguzi wazee kwa vijana, madaktari, wakubwa wa wizara. Mrefu ndiye aliyeshika kipaza sauti akikaribisha wageni. Dada alipopanda jukwaani walimshangilia hata akashindwa kuanza. Kisha akaanza, na haikuchukua muda akafika pale pale.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema. "Yuko hapa mbele leo. Moyo mzuri..."

Watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza. Nikasimama.

"Malizia," nilisema. "Akili kidogo. Malizia, halafu uwaambie nani aliyenifundisha kukanyaga godoro."

Wakacheka zaidi, walidhani ni mchezo wa ndugu, umepangwa.

"Kaa, mdogo wangu," alisema, kwa ile sauti ya darasani.

"Sikai. Nililala vya kutosha."

Hapo wakacheka mpaka viti vikalia. Nilitaka sakafu inimeze, na nilitaka immeze yeye kwanza. Dada alifungua mdomo aendelee na hadithi yake, na angeendelea, namjua. Lakini Mrefu alikuwa bado na kipaza sauti mkononi, akasema, polepole, na sauti ikatoka kwenye spika zote:

"Mwalimu, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakunja mablanketi."

Kicheko kikakatika. Dada alimtazama Mrefu. Halafu akanitazama mimi, muda mrefu, bila kuangalia saa.

"Ni kweli," alisema. "Nilimwambia mimi. Aliniuliza kama aache, nikamkataza. Siku ya mtihani nikamtwisha yeye. Ningesema ni mimi, shule ingefungwa kabla ya jua kuzama, na nyinyi nyote mngekuwa wapi? Palikuwa na mtu mmoja na palikuwa na shule. Nilichagua. Siku ile ikirudi leo, nitachagua vilevile."

Nilingoja. Sijui nilingoja nini. Labda mtu mmoja agune, labda mkubwa mmoja wa wizara atikise kichwa. Mtu nyuma akapiga makofi. Mwingine akamfuata. Kisha wote wakainuka, madaktari, wakubwa, watoto wa sare, wakampigia makofi kwa ujasiri wake wa kusema ukweli. Mwanamke niliyekaa naye alikuwa analia. "Jamani, moyo gani huu," alisema, akinishika bega. "Una bahati ya dada."

Nami nilikuwa nimeshasimama. Mpiga picha alipiga picha ukumbi wote, na ukiitazama hiyo picha utaniona mbele kabisa, nimesimama kumheshimu kama wengine.

Aliposhuka jukwaani walimzunguka kumpa mkono. Alipenya mpaka nilipokuwa.

"Umepata ulichotaka," alisema. "Twende nyumbani, nimechoka."

"Nenda na waliokupigia makofi," nilimwambia.

Akasimama. Kwa mara ya kwanza nilimwona hajui mikono yake aiweke wapi. Mrefu akaja, akamshika kiwiko, akamwongoza kwenye gari. Mimi nilitokea mlango wa pembeni, nikapita uani kati ya kamba za shuka zilizoanikwa, nikatembea mpaka kwangu. Tangu siku hiyo sijakanyaga kwake, naye hajakanyaga kwangu.